Likizo ya Kuhesabu Majimoto

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule)



Katibu aliponiandikia barua alinitaka nichague jambo litakalowafaa vijana wa mchepuo wa sayansi. Kwanza nilidhani ananitaka nieleze jinsi mtu anavyopanda kazini. Hayo mtayasikia kwa wengine, maana wamo humu wengi walionipita kwa vyeo. Mimi nitazungumza juu ya likizo moja tu, ya mwaka 1996, na juu ya mdudu mmoja ambaye nyote mmewahi kuumwa naye.

Vijana wengi hawajui kwamba katika vyuo vikuu vyetu mwanafunzi wa sayansi halali likizo nzima. Anapomaliza mwaka wa pili hupelekwa shambani, kiwandani, hospitali au kituo cha utafiti kwa wiki kadhaa, akajifunze kazi kwa mikono yake. Huitwa mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wenyewe husema wanakwenda fildi. Unapewa posho ndogo ambayo huisha kabla ya siku zake, daftari la kuandika kazi ya kila siku, na msimamizi wa kulitia sahihi. Mimi nilikuwa nimechagua elimu ya wadudu. Wenzangu walinicheka. Walisema nimekwenda Chuo Kikuu kusomea nzi. Lakini mwalimu wetu wa biolojia hapa hapa alitufundisha kukusanya wadudu katika kopo la Blue Band, na ugonjwa ule haukunitoka.

Nikapangiwa kituo kimoja cha utafiti wa kilimo, na kituo kikanipeleka Kerege, katika Wilaya ya Bagamoyo. Ukitoka Dar es Salaam unapita Bunju, unapita Mapinga, ndipo unafika. Barabara wakati ule haikuwa hii mnayoijua leo. Nilifika nimekuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Kerege ni mahali penye historia yake. Katika miaka ya 1960, mara baada ya Uhuru, palikuwa mojawapo ya makazi ya majaribio ambamo Serikali ilitaka kuwakusanya wakulima walime kwa mpango, kabla hata neno ujamaa halijazoeleka vijijini. Nilipofika mimi, ya zamani yalikuwa yamebaki katika mazungumzo ya wazee na katika mikorosho mikubwa mikubwa, iliyochanganyika na minazi.

Kuhusu korosho lazima niseme kidogo, ndipo mtaelewa kwa nini mtu atumwe kwenda kuhesabu wadudu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi na bado watu wanabishana juu ya ipi ilitangulia. Bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo. Watu walihamishiwa vijijini wakaacha mikorosho mbali nyuma yao, ikamezwa na pori. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ule unaofanya maua yaonekane kama yamenyunyizwa unga wa sembe. Katika miaka ya 1990 wakulima walikuwa wanarudi katika mikorosho yao, na kila aliyerudi alitaka kujua kitu gani kinamla.

Moja ya vinavyoila ni mdudu ambaye mabwana shamba humwita mbu wa mikorosho. Si mbu hata kidogo. Ni jamaa ya kunguni, mwembamba, mwenye miguu na papasi ndefu. Hufyonza machipukizi mororo, na mate yake ni sumu, hivyo pale alipodunga panaota doa jeusi na ncha ya tawi inakauka kama iliyopitiwa na moto. Mwingine ni kunguni wa minazi. Huyu hufyonza vidaka vya nazi mpaka vianguke, na korosho changa haziachi. Jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, limetokana na Mwingereza M. J. Way, aliyewachunguza wadudu wa minazi Unguja miaka ya mwanzo ya 1950. Huyo Way ndiye aliyeonyesha jambo ambalo nadhani wakwezi walikuwa wakililalamikia siku zote bila kulijua faida yake: mnazi wenye majimoto haupotezi nazi nyingi.

Majimoto mnawajua. Ni wale chungu wekundu wa juu ya miti, wanaoshona majani yakawa kiota kama mpira. Kushona kwenyewe ni ajabu. Mdudu mkubwa hana uzi. Uzi anao mtoto, yaani funza wake. Basi wakubwa hushikana kiuno kwa kiuno wakavuta majani mawili yakakaribiana, halafu mwingine huja na mtoto kinywani, akampitisha huku na huku kama fundi anavyopitisha sindano, na mtoto hutoa hariri. Hawana mwiba wa kuchoma kama nyigu. Wanang'ata kwa taya, kisha hupindua tumbo na kurushia asidi mahali walipong'ata. Ndiyo maana ya jina lao. Wachina waliandika tangu mwaka 304 kwamba watu wa kusini mwa nchi yao walikuwa wakinunua viota vya ndugu wa mdudu huyu sokoni na kuvitundika katika michungwa. Baadaye wakulima wa huko walizoea kuweka fito za mianzi kutoka mti hadi mti ili chungu wavuke. Kumbukeni fito hizo, nitazirudia.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Katika shamba la mzee mmoja tulichagua mikorosho arobaini: ishirini yenye majimoto, ishirini isiyo nao. Kila mti nikautundikia kibati chenye namba. Nilikuwa na fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja. Kila Ijumaa na Jumamosi niliisimamisha katika pande nne za kila mti, nikahesabu machipukizi yote yaliyomo ndani, na kati ya hayo mangapi yamedungwa. Kisha nikahesabu viota. Kisha nikatazama chini ya shina kama wapo wale chungu wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, wakaao ardhini, maana hao ni maadui wakubwa wa majimoto na huwafukuza mtini kabisa. Hakuna kingine. Mkidhani utafiti ni kuvaa koti jeupe na kutazama kioo, basi mimi nilivaa kaptula na kupakwa majivu miguuni ili nisiliwe. Majivu alinifundisha mzee.

Hapa wadogo zangu wa sayansi niwaambie jambo la vifaa, maana mtayahitaji. Wavu wa kufagilia majani mtaweza kushona wenyewe kwa kitambaa cha chandarua kuukuu. Mrija wa kunyonyea wadudu wadogo hutengenezwa kwa chupa ya dawa na mipira miwili. Ila msisahau kuziba mpira mmoja kwa kitambaa, la sivyo mtakula chungu, na mimi nimekula. Wadudu laini wahifadhiwe katika spiriti. Na kila mdudu awe na karatasi yake: mahali, tarehe, jina la aliyemkamata. Mdudu mzuri asiye na tarehe wala mahali ni takataka tu.

Sasa nimfikie mwenye shamba. Alikuwa Mkwere, mtu mzima wa miaka kama sitini, mpole, mwenye kusikiliza kuliko kusema. Alikuwa na swali moja ambalo aliniuliza siku ya kwanza, nalo lilikuwa: "Mwanangu, majimoto hawa niwachome au niwaache?" Wakwezi walikuwa wakimdai nyongeza kwa kila mnazi wenye majimoto. Vibarua wa kupalilia na kupogoa walikuwa wakikimbia. Jirani yake alikuwa amechukua mwenge wa makuti akachoma viota vyote shambani kwake. Huyu wangu alisema atangoja mpaka nimalize kuhesabu.

Na hakungoja kwa maneno tu. Kila wiki baada ya kuhesabu alinikalisha kwenye mkeka barazani nimsomee namba. Mjukuu wake wa darasa la sita alichukua kaa la moto lililozimika akaziandika nyuma ya mlango: safu moja kwa wiki moja, miti arobaini kwenda chini. Msimamizi wangu kituoni alikuwa hajui kuwa matokeo ya utafiti yanachapishwa kwenye mlango kabla hayajamfikia.

Wiki tano zilikwenda vizuri. Wiki ya sita rafiki yangu wa chuo alioa, Kariakoo. Nikaondoka Alhamisi asubuhi mapema bila kumwambia mtu, nikarudi Jumapili jioni. Nilijiambia nitahesabu Jumatatu. Lakini Jumatatu asubuhi ndiyo siku msimamizi alikuwa anazitaka karatasi, kwa sababu alikuwa anafunga taarifa yake ya robo mwaka. Basi usiku ule nikawasha kibatari, nikaijaza safu ya wiki ya sita yote kutoka kichwani. Miti nilikuwa nimeshaizoea tabia zake, kwa hiyo haikuwa kazi ngumu. Mmoja nikauongezea kiota, mwingine nikaupunguzia chipukizi lililodungwa. Nilidondosha hata tone la maji kwenye ukurasa, ufanane na kurasa nyingine zilizolowa umande. Jumatatu saa mbili nikazikabidhi karatasi, zikapokewa, nikashukuriwa.

Mchana nikaenda shambani. Nikakuta watu wameketi chini ya mwembe na wanawake wamejaa ndani. Mdogo wake wa kike yule mzee, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa amefariki usiku wa kuamkia Alhamisi, na kuzikwa Ijumaa. Nilikaa kwenye mkeka, nikatoa pole. Mzee akanipokea vizuri sana. Akasema, "Tulikuangalia Ijumaa makaburini." Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alidhani nilikuja nikakuta msiba nikaona haya kuingia. Halafu akatia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa kibati kimoja, akanipa. Kilikuwa cha mti namba 27. Mkorosho huo ulikuwa umeshakauka upande mmoja. Alhamisi vijana waliukata wakapata kuni za kupikia watu wa msiba. "Nimekuhifadhia kibati chako," akasema.

Ndugu zangu, katika karatasi zangu mti namba 27 ulikuwa na viota vinne siku ya Jumamosi.

Mara nyingi nimeambiwa, hasa na wake na waume wa watu ninapoisimulia habari hii majumbani, kwamba nilikuwa kijana, kosa lilikuwa dogo. La kujaza namba nalikubali kuwa la kijana. Lakini Jumatatu ile jioni karatasi zilikuwa bado juu ya meza ya msimamizi. Dereva wa kupeleka taarifa makao makuu alikuwa anaondoka kesho yake. Nilipita mbele ya ofisi ile mara mbili na taa ilikuwa inawaka. Sikuingia. Nilijiambia kuwa mti ni mmoja tu, nitaurekebisha polepole.

Matanga yakaisha. Alhamisi mzee akaniita barazani kama kawaida nisome namba za wiki ya sita, mjukuu yuko tayari na kaa lake. Nikasoma vizuri mpaka 26. Nilipofika hapo nikaruka: "Ishirini na saba, umekatwa. Ishirini na nane..." Nikajiona mjanja. Mzee akanyosha mkono.

"Rudi nyuma. Ishirini na sita una viota vingapi?"

"Vitano, mzee."

"Ishirini na saba ulipoanguka uliuangukia ishirini na sita. Umebaki gogo. Hauna kiota tangu Alhamisi."

Nilinyamaza. Yeye pia alinyamaza, kwa muda ambao mimi niliuona kama kipindi kizima cha hesabu. Kisha akamwambia mjukuu, bila kupandisha sauti, "Futa safu hiyo." Mtoto akaifuta kwa kiganja, mlangoni pakabaki weusi tu. Mzee akanigeukia akasema: "Mimi nilitaka kujua niwachome au niwaache. Sasa sijui nikuulize wewe, au nikamwulize nani."

Usiku ule sikulala. Ijumaa nilimwendea msimamizi nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Alichukua daftari langu, akapiga mstari mwekundu juu ya ukurasa wa wiki ya sita kutoka kona hadi kona, akanipa karatasi tupu na kalamu. Akaniambia niandike mwenyewe barua ya kwenda makao makuu, nieleze kwamba jedwali waliloletewa lina namba zilizobuniwa, na niseme zimebuniwa na nani. Aliisoma, akanisahihisha Kiingereza mahali pawili, akaitia sahihi chini ya yangu. Mpaka leo namkumbuka kwa sahihi ile, kwa sababu ilimgharimu na yeye. Mafunzo yale nilifaulu kwa alama ya chini kabisa ya kufaulu, na nafasi ya kurudi kituoni baada ya shahada, ambayo nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwa mdomo, ilikwenda kwa mwingine. Ilistahili kwenda kwa mwingine.

Nikamaliza wiki nne zilizobaki, nikihesabu miti thelathini na minane. Kila wiki nilisoma barazani na mjukuu aliandika, ila sasa mzee alikuwa akiamka Jumamosi kutembea nami miti michache, akihesabu viota kwa kidole, kisha anasubiri aone nitaandika nini. Haikuwa raha. Mwisho wa kazi nilipopanga hesabu nikagundua jambo lililonitia aibu zaidi: miti yenye majimoto ilikuwa imedungwa kidogo kuliko ile isiyo nao, ni kweli, lakini tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Safu niliyoibuni mimi ndiyo iliyokuwa nzuri kupita zote. Nilikuwa nimeandika nilichokuwa nakitaka.

Siku ya kuondoka nilimjibu mzee swali lake. Nilimwambia kuwa majimoto wanasaidia, ila kwa wiki hizi chache siwezi kumwambia wanasaidia kwa kiasi gani, na kwamba palipo na wale wa vichwa vikubwa majimoto hawatakaa. Nikamsimulia na habari za Wachina. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alisema, "Hilo la kwamba hujui, naliamini." Nilipopita mwaka uliofuata kumsalimia, nikakuta amefunga fito za mikoko kutoka mti hadi mti, na majimoto wamepanga foleni juu yake wakivuka. Wakwezi alikuwa amepatana nao bei mpya.

Swali lile limeshughulikiwa na watu makini zaidi yangu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika mikorosho ya Tanzania ukaonyesha kwamba miti yenye majimoto hudungwa kidogo na wadudu wote wawili niliowataja. Nilipousoma nilifurahi kama mtu aliyetumiwa salamu. Mwaka ule ule wa 1996, wakati mimi nahangaika na viota, ng'ambo ya bahari Unguja wataalamu wetu walimnasa mbung'o wa mwisho wa porini. Walikuwa wameanza mwaka 1994 kumwaga kwa ndege madume yaliyofanywa tasa, yaliyokuzwa Tanga, na mwezi wa Septemba akanaswa huyo wa mwisho. Fikirini kazi hiyo: kuendelea kuikagua mitego mwezi baada ya mwezi, na kuandika sifuri, na sifuri ile iwe ya kweli. Kisiwa kizima kilitegemea sifuri hizo.

Siku hizi kijana wa pwani anayetaka wadudu hahitaji kwenda mbali. Mjini Bagamoyo Taasisi ya Afya ya Ifakara inacho kitengo cha kupima zana za kudhibiti mbu, vyandarua na dawa za kupulizia. Kama kuna anayependa mbu kuliko chungu, basi huko ndiko penyewe, na aanze mapema kuuliza namna ya kupata nafasi ya likizo, asingoje tangazo.

Kerege nimepita mwezi uliopita nikija huku. Sehemu ya shamba lile sasa ni nyumba na kuta. Mzee alikwisha kutangulia mbele ya haki. Mjukuu yupo, ni mtu mzima mwenye watoto, na ule mlango aliuondoa alipojenga nyumba ya matofali, lakini hakuutupa. Ameufanya kuwa uzio wa banda la kuku. Makaa yamefutika.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Daftari langu nimelileta, liko pale mezani karibu na buli la chai. Vijana wanaotaka kulitazama walitazame, ukurasa wa wiki ya sita ni wa thelathini na moja. Tafadhali mlishike kwa mikono mikavu.